Jalidi Imeunguza Makuti? Usikate Bado

Weka msumeno chini kwanza. Hilo ndilo neno langu la kwanza kwa kila anayeniuliza aufanye nini mtende wake baada ya usiku wa jalidi kali, yaani baridi inayogandisha maji. Najua inavyouma. Makuti yaliyokuwa ya kijani kibichi yamegeuka kahawia, yananing'inia, na mkono unakuwasha uyaondoe upesi ili bustani irudi kuwa na sura. Subiri. Mti huo huenda uko hai, na hayo makuti unayotaka kuyatupa bado yanaufanyia kazi.

Kwa miaka mingi nimepanda miti ya jamii ya mnazi mahali ambapo majira ya baridi hayaihurumii. Nina Trachycarpus, Washingtonia, Butia, mtende wa Kanari na kichaka cha mkindu. Nilikuwa pia na Syagrus romanzoffiana mrefu mwenye makuti laini, mti nilioupenda kuliko yote. Majira ya baridi yaliyopita yaliipiga yote kwa usiku kadhaa mfululizo, na kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 8 chini ya sifuri. Tangu hapo nimekuwa nikiizungukia kila asubuhi kama mganga anayepita kwenye vitanda vya wagonjwa.

Jambo la kuelewa kabla ya yote ni kwamba mitende na jamaa zake wengi wana moyo mmoja tu. Mti wa kawaida ukipoteza tawi huchipua jingine pembeni. Mtende hauna pembeni. Kila kuti utakaloliona maishani mwake linatoka kwenye sehemu moja laini, iliyojificha kileleni katikati ya misingi ya makuti. Moyo huo ukifa, shina hilo limekufa, hata kama kwa nje lingali na rangi. Moyo ukipona, makuti yote yanaweza kuungua na mti ukarudi. Ndiyo maana mimi sitazami makuti. Natazama kati.

Na shina lenyewe halina ile tabaka ambayo kwa miti mingine iko chini ya gome na huongeza mbao kila mwaka na kufunika majeraha. Mirija ya maji na chakula iliyomo ndani ya shina la mtende ndiyo hiyohiyo itakayotumika mpaka mwisho wa uhai wake. Ikiharibiwa na baridi haitengenezwi upya. Kovu kwenye shina hubaki kovu. Trachycarpus wangu mkubwa ana mahali shina lilipobana, ukumbusho wa mwaka mmoja mgumu, na palipobana hapatanenepa tena kamwe. Juu yake shina limeendelea kwa unene wake wa kawaida.

Baridi yenyewe haiui kwa namna moja. Maji yaliyo nje ya seli huganda kwanza, kisha barafu hiyo huvuta maji kutoka ndani ya seli mpaka zinasinyaa na utando wake kupasuka. Kwa hiyo muda una uzito sawa na kipimo. Muda wa saa moja tu kwenye nyuzi 6 chini ya sifuri alfajiri, halafu jua likachomoza, ni jambo dogo ukilinganisha na siku mbili mfululizo ambazo joto halikupanda juu ya sifuri hata mchana. Halafu kuna aina mbili za usiku wa baridi. Usiku mtulivu wenye anga safi, ardhi na majani hupoteza joto kuelekea angani, na kuti linaweza kuwa baridi zaidi kuliko hewa inayolizunguka. Hapo hata tawi la mti mkubwa lililo juu yake huokoa. Butia wangu ulio karibu na nyumba uliungua upande mmoja tu. Makuti yaliyokuwa chini ya upenu yalibaki ya kijani hadi ncha. Lakini baridi inayokuja na upepo, ile inayosukumwa na hewa ya kutoka mbali, haijali upenu wala tawi.

Sasa turudi kwenye msumeno. Jirani yangu mmoja alikata makuti yote ya Washingtonia yake wiki ileile yalipoungua, akauacha mti na kishungi kidogo tu juu. Jalidi ya pili ikaja ikakuta moyo uko wazi. Wangu ulibaki na joho lake lote la makuti makavu, mbaya kuutazama, na sasa una makuti mapya. Sisemi makuti makavu peke yake ndiyo yaliyouokoa, maana miti haifanani na udongo haufanani. Ila makuti, hata yaliyokufa, yanaukinga moyo dhidi ya baridi inayofuata, na kuti lililobaki na robo ya kijani bado linatengeneza chakula kwa mti usiokuwa na chanzo kingine.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Mtende ukikosa potasiamu huihamisha kutoka makuti ya chini, ya zamani, kwenda kwenye machanga. Makuti hayo ya chini hupata madoadoa ya njano au rangi ya chungwa na ncha kukauka, na ndiyo watu huyaona machafu wakayakata. Ukiyakata umeunyang'anya mti akiba yake, na utaanza kunyonya kutoka makuti yanayofuata juu. Kwa hiyo hata mwaka usio na jalidi, punguza upogoaji. Baada ya jalidi, usipogoe kabisa mpaka hatari ya baridi nyingine imepita, na hata hapo kata tu kilichokauka chote.

Wakati unasubiri, kuna kipimo kimoja rahisi. Shika kuti changa la katikati, lile ambalo bado halijakunjuka, ulivute kwa upole kuelekea juu. Likikaza, vizuri, liache. Halafu chukua kalamu ya wino mzito, uchore mstari mmoja unaopita juu ya kuti hilo changa na juu ya kikonyo cha kuti la zamani lililo jirani yake. Hali ya hewa ikishapata joto, angalia mstari. Ukiona vipande vyake viwili vimeachana, hata kwa upana wa kucha, mti unakua. Siku nilipoona mstari wa mtende wa Kanari umeachana nilimwita kila mtu aliyekuwa nyumbani aje aone.

Kuti hilo changa likichomoka mkononi, usikate tamaa hapo hapo. Kuti linalochomoka huwa na mwisho laini, wa kahawia, mara nyingi lenye harufu mbaya. Hicho ni kidonda kilichofunguliwa na baridi, halafu bakteria na kuvu wakaingia. Wanaoumaliza mti mara nyingi ni hawa wanaoifuata baridi. Kazi yako ni kuwahi kabla hawajashuka hadi penyewe moyo ulipo. Ondoa vyote vilivyooza na vinavyotoka kwa kuvutwa kidogo. Kausha tundu kwa kitambaa. Wakulima wengi wa miti hii humimina haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ndani, nami hufanya hivyo. Inatoa povu, povu likiisha unanyonya maji yaliyobaki. Kisha dawa ya ukungu yenye shaba, ile iliyoandikwa kwamba inafaa kwa mimea ya namna hii, kwa kipimo cha kwenye kibandiko. Nyunyiza mpaka iloweshe kilele, rudia mara moja baada ya siku 10 hivi, basi. Shaba inazuia kuvu na bakteria pia, lakini ikirundikana inaunguza mmea wenyewe, kwa hiyo usiigeuze kuwa desturi ya kila wiki. Baada ya hapo funika tundu lisiingie mvua, huku ukiacha hewa ipite. Maji yaliyosimama ndani ya tundu ni adui mkubwa kuliko baridi iliyopita.

Trachycarpus wangu mdogo ulipita njia hiyo yote. Kuti la kati lilichomoka, la pili likafuata. Niliusafisha, nikaunyunyizia, nikaufunika na bakuli lililopinduliwa juu ya vijiti. Majira ya joto yalipokuwa yamekolea ndipo kitu kikatokeza. Kuti fupi, lililokunjamana, ncha zake zimekatika kama zilizotafunwa, kipande chake kimoja ni cha kahawia. Watu huyaona makuti ya namna hiyo wakadhani mti bado unaumwa. Sivyo. Makuti yanayotokeza sasa yaliumbika ndani ya moyo muda mrefu kabla ya jalidi, yakajeruhiwa yakiwa humohumo. Kila linalofuata litakuwa na afya zaidi kidogo kuliko lililotangulia. Usiyakate hayo mabovu ya mwanzo, ndiyo yanayoulisha mti mpaka mazuri yafike.

Mkindu, kwa upande wake, hunipa raha. Phoenix reclinata huota mashina mengi kutoka chini. Baadhi ya mashina yalikufa hadi chini, lakini machipukizi mapya yametoka udongoni. Chamaerops humilis nayo ina tabia hiyo. Anayeanza, tena mahali penye mashaka, asiidharau mitende ya kichaka.

Syagrus ndio ulionifundisha uchungu wa mirija. Baada ya jalidi uliungua nusu tu, moyo ukakaza, nikafurahi. Mwanzo wa joto ulitoa hata sehemu ya kuti jipya. Halafu wiki ya kwanza ya jua kali, mti mzima ukalegea na kuanguka makuti yake yote kwa pamoja. Baridi ilikuwa imeiharibu mirija ndani ya shina. Siku za ubaridi mirija michache iliyosalia ilitosha kupandisha maji, jua lilipodai zaidi ikashindwa. Hakuna dawa ya hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba mti ulioponea jalidi usihesabiwe umepona mpaka umevuka majira ya joto, na ule unaoonekana umekufa usihesabiwe umekufa mpaka majira hayohayo yafike katikati. Ukiwa ni mti mrefu uliokufa kweli, uondolewe na mtu mwenye vifaa, kwa maana kilele chake kilichooza kinaweza kuporomoka bila kutoa ishara.

Kuhusu mbolea, usimwage chochote kwenye udongo baridi mara tu baada ya jalidi. Ngoja mti uanze kukua wenyewe. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florida wanapendekeza mbolea inayoyeyuka polepole yenye uwiano wa 8-2-12, yaani naitrojeni, fosforasi na potasiamu, pamoja na magnesi asilimia 4, na mimi ndiyo ninayoifuata. Naitrojeni ni kidogo, potasiamu ni nyingi. Mbolea ya nyasi, yenye naitrojeni tele, huzidisha upungufu wa potasiamu, na mti wenye njaa ya potasiamu huingia majira ya baridi ukiwa dhaifu. Ukiona makuti mapya madogo, yaliyopauka na kusinyaa mwanzoni mwa joto, kumbuka pia upungufu wa madini ya manganisi. Mizizi iliyo kwenye udongo baridi hushindwa kuivuta, na mara nyingi udongo ukipata joto makuti yanayofuata hutoka sawa. Maji nayo, kiasi. Mti usio na makuti haunywi kama zamani.

Kinga nitaitaja kwa ufupi. Mwagilia udongo siku moja kabla ya jalidi, udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko mkavu. Weka matandazo mazito kwenye mizizi. Miti midogo funga makuti yake pamoja kuelekea juu, uzungushie kitambaa chepesi hadi chini ili joto la ardhi linaswe. Plastiki isiguse makuti. Taa za mapambo zinazofaa kuzungushia shina ni zile za zamani zenye waya unaopata moto, maana hizi mpya hazitoi joto la maana.

Lakini kinga kubwa ni kuchagua mti. Mnazi huumia hata kabla maji hayajaganda. Trachycarpus fortunei, ambao mkusanyaji wa mimea Robert Fortune aliupeleka Uingereza kutoka China katika karne ya 19, huvumilia nyuzi 12 chini ya sifuri na zaidi ukishakomaa. Rhapidophyllum hystrix, mtende mfupi wenye miiba wa kusini mashariki mwa Marekani, hustahimili hadi karibu 20 chini ya sifuri. Februari 2021, baridi iliposhuka katika jimbo la Texas, Marekani, na jiji la Dallas likafika karibu nyuzi 19 chini ya sifuri, tofauti ya jamaa wa karibu kabisa ilionekana wazi. Kule San Antonio, jiji jingine la Texas, Washingtonia robusta zilikufa kwa wingi sana barabarani, ilhali Washingtonia filifera nyingi, zenye shina nene zaidi, zilirudisha makuti. Kwa macho ya mpita njia miti hiyo miwili ni mmoja. Uliza jina kamili kabla ya kununua mche.

Pale ulipokuwa Syagrus nitapanda Butia wa pili. Una makuti yanayopinda kwa uzuri uleule, rangi yake inaelekea kijivu, na huvumilia karibu nyuzi 10 chini ya sifuri. Mche tayari uko kwenye chungu. Utaingia ardhini udongo ukishapata joto, ili mizizi ipate miezi yote ya jua kabla ya jalidi ijayo.