Kukata kucha za wazee: nilivyoanza biashara yangu ya uuguzi

Nikiwaambia ndugu zangu wa Tanga kwamba huku Marekani nalipwa kukata kucha za wazee, kwanza kimya, kisha mtu ataniuliza kwa upole kama kazi ya uuguzi nimefukuzwa. Wala. Leseni yangu ya uuguzi ndiyo mtaji wenyewe. Naishi Kent, kusini ya Seattle katika jimbo la Washington, na biashara yangu ni miguu: kucha, sugu, magaga, na kuangalia kama damu inafika vidoleni. Ndiyo iliyonitoa kwenye zamu za usiku.

Kwa Watanzania na Wakenya wa huku, ukitaja fursa kwenye afya ya wazee, jibu ni moja: fungua nyumba ya wazee. Jimbo hili linaruhusu nyumba ya kawaida ya mtaani ipewe leseni ya kulea wazee hadi sita, siku hizi hata wanane kwa masharti ya ziada. Ukipita Kent, Federal Way au Tacoma utakuta zinaendeshwa na Wakenya, Waethiopia, Wafilipino, Waromania. Soko lipo, hilo halina ubishi. Kile kizazi kikubwa kilichozaliwa baada ya vita, kati ya 1946 na 1964, kinazeeka kwa mpigo, na ifikapo 2030 wote watakuwa wametimiza miaka 65 au wameipita. Mimi na mume wangu tulikaa na kalamu tukapiga hesabu ya nyumba hiyo: mkopo, wafanyakazi wa usiku, wakaguzi wanaobisha hodi bila taarifa, mzee anayeamka saa nane za usiku na kuvaa viatu akisema anachelewa kazini. Mume wangu ni dereva wa lori, nusu ya mwezi hayupo. Tukaona hapana. Nikaanza kuziangalia zile nyumba kwa upande wa pili: wenye nazo wanakosa nini?

Jibu nilikuwa nalivua soksi kila siku. Kituo cha wazee nilichokuwa nafanya kazi kiliwatunza watu vizuri. Dawa zimepangwa, nguo zimefuliwa, nywele zimechanwa. Ukishuka miguuni ndipo unashtuka. Mzee wa miaka 85 hawezi kuinama akafikia kidole chake. Akikifikia, haoni vizuri. Akiona, mkono unatetemeka na ukucha umekuwa mgumu kama pembe ya mbuzi. Wasaidizi wanaowaogesha mara nyingi hawaruhusiwi kugusa kucha za mwenye kisukari au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na katazo hilo mimi naliunga mkono. Daktari wa miguu anakuja kwa ratiba yake, na majina ni mengi kuliko saa zake.

Halafu kuna bima. Medicare, bima ya serikali ya watu wa miaka 65 na kuendelea, hailipii huduma ya kawaida ya miguu. Kukata kucha na kupunguza sugu ni juu yako mwenyewe. Inakubali pale ugonjwa, kwa mfano kisukari, umeshaharibu neva au mzunguko wa damu kiasi kwamba kukatwa na asiye mtaalamu ni hatari. Wengine wote wanatoa mfukoni. Wauguzi wenzangu wakisikia hivyo husikitika. Mimi nilisikitika pia, kisha damu ya kichuuzi ya mama yangu ikaamka: hakuna fomu za madai, hakuna kusubiri miezi kulipwa, hakuna karani wa mbali wa kuniambia huduma hii haikustahili. Nakata, nalipwa, naandika risiti.

Chuo cha uuguzi, cha kwetu na cha huku, hakifundishi miguu kiasi cha kumtosha mtu kuiishi. Nilisoma kozi ya wauguzi wa miguu, nadharia mtandaoni na vitendo chini ya muuguzi mmoja mzoefu, kisha nikafanya mtihani wa cheti. Cheti chenyewe sikulazimishwa, ila mabinti wa wateja wanakiuliza. Yule muuguzi alikuwa na mikono ya polepole mpaka unachoka kumtazama, na ndicho nilichokwenda kujifunza.

Mteja akishakaa, sikati kitu. Navaa taa ya kichwani na kutazama: katikati ya vidole, chini ya kisigino, rangi ya ngozi, mguu upi una joto na upi umepoa. Naweka vidole viwili juu ya mguu kutafuta mapigo. Kisha nachukua kijiuzi cha plastiki cha kupima hisia, kile cha gramu 10, yaani kinapinda kikisukumwa kwa nguvu hiyo, namwomba afumbe macho na aseme kila anapohisi nimemgusa. Wapo ambao namgusa kidole gumba, namgusa chini ya wayo, narudia, naye ametulia tu akisubiri nianze. Huyo ana ganzi. Kokoto inaweza kukaa kwenye kiatu chake kutwa nzima na asijue, kwa hiyo kabla sijaondoka nitaingiza mkono kwenye kila kiatu chake na kumwonyesha mwanawe namna ya kufanya hivyo.

Ukucha mnene haukatwi kwa mkupuo. Unaumega kidogo kidogo, koleo likiwa limelala, halafu unapunguza unene wake kwa tupa ya umeme. Vumbi la ukucha wenye fangasi si la kuvuta, kwa hiyo barakoa na miwani vinakaa usoni mpaka mwisho. Beseni la maji ya moto kama la saluni silitumii kabisa. Ngozi ya mzee ikilowana inachanika upesi, na mwenye ganzi hajui maji yana moto kiasi gani. Wateja wengine hawalipendi hilo, wanataka beseni. Nawaambia saluni ziko nyingi.

Gharama kubwa ya kuanzia ilikuwa vifaa. Si koleo moja, ni seti nyingi, maana kila mteja ana seti yake safi, na nyumbani nina mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa nyuzi 121. Kila seti inafungwa kwenye pakiti yenye alama inayobadilika rangi ikishapita kwenye joto. Pakiti hiyo naifungua mbele ya mteja na familia yake, taratibu, waione alama. Nimepata wateja kwa pakiti hiyo kuliko kwa kadi nilizochapisha.

Makaratasi nitayapitia haraka. Muuguzi anayeuza huduma ya leseni yake hapa anasajili kampuni ya aina ya wataalamu, anakata bima ya makosa ya kitaaluma, anachukua namba ya biashara ya jimbo. Jimbo la Washington halikati kodi ya mapato kwenye mshahara, watu wanalifurahia hilo sana, lakini biashara inatozwa kodi kwenye mapato ghafi. Umepata faida, hujapata, jimbo linachukua chake juu kabisa. Panga bei ukilijua hilo.

Na bei ndiyo ilinichukua muda kuielewa, kwa sababu adui yake haikuwa ushindani, ilikuwa barabara. Nilianza kwa kwenda nyumba kwa nyumba, dola 80 kwa mtu. Kwenye karatasi ni pesa nzuri. Lakini mteja mmoja yuko Renton, wa pili Puyallup, na kwenye barabara kuu ya I-5 alasiri magari yamesimama; nusu ya siku naendesha gari bure. Ndipo nikarudi kwenye zile nyumba za wazee nilizokataa kuzifungua. Watu sita, miguu kumi na miwili, paa moja. Nikashusha hadi dola 50 kwa kichwa, na bado saa yangu ikawa inaingiza zaidi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja Mkenya, mtu wa Kakamega, mkali wa hesabu.

“Sasa dada, kwa hawa sita utanifanyia ngapi?”

“Mama, hiyo hamsini ndiyo nimeshakufanyia.”

“Aah! Na hiyo mafuta ya gari si yako?”

Tulivutana mpaka chai ikaisha. Kilichomlegeza ni pale nilipomwonyesha ripoti ninayoandika kwa kila mkazi: mapigo, ganzi, hali ya ngozi, nilichofanya, cha kufuatilia. Nyumba hizo zinaishi kwa majalada. Mkaguzi akifungua jalada akakuta miguu ya mkazi imetazamwa na muuguzi mwenye leseni, na tarehe ipo, mwenye nyumba anapumua. Akaniita kwake, kisha akanipigia debe kwa wenzake wa kanisani, na kutoka kanisa hilo nikapata nyumba nyingi kuliko kwa tangazo lolote.

Pamoja na hayo, si kila mkazi ana hamsini. Wengi wao akiba imekwisha na nyumba inalipwa na Medicaid, bima ya wasio na uwezo. Kipato chao karibu chote kinakwenda kwenye malazi na matunzo, mkononi wanabaki na posho ndogo ya sabuni, sigara na zawadi ya mjukuu. Kumwambia mtu huyo atoe hamsini ni kumchezea. Ninachofanya ni kuwachukua kwa bei ya chini pale ninapokuwa nimeshafika kwa ajili ya wengine, na baadhi ya wenye nyumba huongezea. Pia mara kwa mara nakaa kwenye kituo cha mikutano ya wazee cha mji, ambako wanakuja kwa zamu na kila mtu anachangia kadiri yake. Lakini sitamdanganya mtu kwamba biashara nzima ingesimama kwa wateja hao peke yao. Ingekufa kabla ya mwaka kwisha. Wanaolipa kamili ndio wanaobeba safari.

Nguvu ya kazi hii ni kwamba kucha zinaota. Sijawahi kuondoka kwa mtu bila kuandika miadi inayofuata, kwa kawaida baada ya wiki nane. Muuguzi anayefunga vidonda akifanya kazi yake vizuri anampoteza mteja. Mimi nikiifanya vizuri ninampata kwa miaka yote aliyobakiza, na nikifika kila baada ya wiki nane ninakuwa mtu anayeona mabadiliko mapema kuliko daktari.

Kuna mzee mmoja mjane, fundi mitambo wa zamani, alinikatalia mguu wa kushoto ziara nzima. “Huo uko sawa,” akasema. Aibu, nilidhani. Ziara iliyofuata akaniachia: kidole cha nne kimepoa, rangi ya zambarau, mapigo siyasikii. Hapo koleo linarudi mfukoni. Nilimpigia binti yake nikiwa bado nimepiga magoti, na siku ileile akaonwa hospitali. Kidonda, wekundu unaopanda, kidole kilichobadilika rangi, ukucha unaohitaji ganzi ya sindano, vyote hivyo si vyangu. Madaktari wa miguu wa eneo langu mwanzoni walinitazama kwa jicho la upembe. Walipoona ninawapelekea wagonjwa wanaohitaji upasuaji na wale ambao bima inawalipia, wakaanza na wao kunitumia wale wa kucha za kawaida, ambao kwao ni kujaza tu chumba cha kusubiria.

Anayepiga simu karibu kila mara ni binti, miaka hamsini na kitu, anayeishi jimbo jingine. Wana wa kiume hupiga baada ya mzee kuanguka. Kwa hiyo ninapomaliza, kwa idhini ya mzee, namtumia binti ujumbe mfupi usiku uleule. Picha sitoi hovyo. Sheria ya siri za wagonjwa huku haina mzaha.

Mdogo wangu naye ni muuguzi, yuko Tanga, na tangu nimwelezee hesabu hizi hanipi raha. Mambo ya kwetu yana sura yake. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, aliyeshughulikia miguu ya wenye kisukari kwa miaka mingi, ameandika kuhusu wagonjwa walioumwa vidole na panya usingizini bila kuhisi chochote. Huko mtu huletwa kidonda kikiwa kimeshaingia mfupani. Wa kulipia mguu usiouma ni wa kutafuta kwa tochi. Ila wastaafu wapo, na wapo wenye watoto Dar, Muscat na huku Marekani, ambao kila mwezi wanatuma pesa bila kujua mguu wa mama una hali gani. Mdogo wangu anataka kuanza na hao, aende nyumbani kwao, atazame, akate, atume ripoti kwa anayelipa. Nimemwambia kwanza aulize kwa mganga mkuu wa jiji kuhusu kibali, na asikimbilie mashine kama yangu, kuna vyombo vya mvuke vya zahanati vinavyofanya kazi hiyohiyo. Koleo mbili na kijiuzi cha gramu 10 nimempa mtu anayesafiri Desemba. Bei atajipangia mwenyewe, maana dola zangu hazitamwambia mstaafu wa Raskazone, pale Tanga, yuko tayari kutoa shilingi ngapi.