Novemba Lindi, chumba cha feni

Ushauri niliopewa kabla ya kwenda Lindi ulikuwa mmoja, nao ulirudiwa na watu watatu tofauti: hakikisha chumba kina AC, mengine utayazoea. Mmoja wao akaongeza kwamba nisikae mjini kati karibu na bahari, kwa kuwa majumba ya kule ni ya zamani mno. Nitafute hoteli mpya za mji wa juu. La mji wa zamani nililikataa, la AC nikalifuata. Likanigharimu usiku mzima na kama shilingi elfu sabini. Siku tano zilizofuata nililala chumba cha feni, ghorofani, ndani ya jumba la mawe, kwa elfu arobaini na kitu, na kuanzia usiku wa pili nililala vizuri kabisa. Naandika kwa sababu ushauri wa AC bado unatolewa kila siku, na watu wanaendelea kuamka wamelowa jasho.

Novemba pale ni tangambili. Kusi imekwisha, kaskazi haijashika, upepo unageuka-geuka na saa nyingine unakatika kabisa. Mvua za kusini mara nyingi zinasubiri Desemba, kwa hiyo unabaki na joto na unyevu bila mvua ya kupoza. Tena ndio msimu wa korosho. Minada huwa imeanza tangu Oktoba, na wanunuzi, madereva wa malori na watu wa ushirika wanajaza vyumba. Ukipiga simu utaambiwa kimebaki kimoja tu, tuma pesa ukishikie. Usitume. Sema jina na saa utakayofika, pesa itoke mfukoni ukishakiona chumba. Mimi nililipa kwanza, kisha nikapewa ufunguo.

Chumba chenyewe kilikuwa cha chini, upande wa nyuma, vigae vipya, rangi mpya, na harufu kali ya manukato ya kupuliza. Harufu hiyo ndiyo ingenishtua mapema. Mahali pakavu hapahitaji manukato, na manukato mengi chumbani kwa kawaida yanaficha ukungu. Ukitaka kujua, fungua kabati la nguo uingize kichwa ndani, kwa sababu huko hapapulizwi. Kisha inama utazame ukuta nyuma ya kitanda, sentimita thelathini za chini. Kama rangi imevimba na kidole kinatoka na unga mweupe, ile ni chumvi. Majumba ya zamani ya pwani yetu yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo unapumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini unatokea usoni mwa ukuta na kukauka. Fundi akija akapiga plasta ya saruji na kumalizia na rangi ya mafuta, unyevu unakosa njia. Unabaki nyuma ya plasta, chumvi inaganda, inasukuma, plasta inabanduka. Ndiyo maana chumba kilichokarabatiwa mwaka juzi kinaweza kunuka kuliko kile cha jirani ambacho hakijaguswa miaka thelathini.

AC iliwaka saa 2 usiku. Kwa dakika tano ikatoa ubaridi, kisha nje pakasikika "ka", mashine ikanyamaza, ndani ikabaki inapuliza hewa ile ile ya chumbani. Baada ya dakika tatu "ka" tena, mngurumo, halafu kimya. Iliendelea hivyo mpaka karibu saa 5. Nilishusha rimoti hadi 16 kama nilivyoambiwa, na hiyo haisaidii kitu. 16 haiifanyi AC ipoze haraka zaidi, inaifanya isipumzike tu. Tatizo lilikuwa umeme mdogo. Kuanzia saa 1 hadi saa 4 usiku kila nyumba imewasha kila kitu, umeme unashuka, na kompresa, ile mashine ya nje, inahitaji nguvu nyingi hasa pale inapoanza kuzunguka. Ikikosa, inajikata. Dalili unaiona kabla hujalipa: washa panga boi namba ya mwisho na taa zote, utazame. Panga boi likizunguka kivivu huku namba iko 5, AC usiihesabu mpaka saa 4 usiku ipite.

Kulikuwa na kasoro nyingine mbili ambazo nilizigundua nikiwa macho. Dari ilikuwa juu sana, karibu mita nne, na AC ilikuwa ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), ambayo ni saizi ya chumba cha kawaida chenye dari ya chini. Na vichujio vilikuwa vimeziba vumbi. Hicho kinatibika: omba ruhusa mapokezi, zima swichi ya ukutani, inua mfuniko wa mbele, vuta vichujio viwili, vioshe bombani, vikung'ute maji, rudisha. Kazi ya dakika kumi. Na kwa Lindi, umeme ukiwa mzima, AC iweke 25 kwenye alama ya tone la maji badala ya alama ya theluji. Kinachokuchosha pale ni unyevu kuliko joto lenyewe, na alama ya tone ndiyo inayokausha hewa.

Asubuhi nikaenda mapokezi.

"Dada, naomba nione vyumba vya feni vya juu. Vyote vilivyo wazi."

"Kaka, vya feni si vya hadhi yako."

"Niangalie tu, dada yangu. Nikishindwa nitarudi hiki hiki."

Akanipa funguo tatu. Nikakaa dakika kumi katika kila kimoja, na hapo ndipo kazi ilipofanyika.

Lindi bahari iko mashariki. Chumba kinachotazama magharibi kinapigwa jua la alasiri, na ukuta wa mawe wenye unene wa nusu mita haulitoi joto hilo jua likizama. Unalishika, kisha unalitoa polepole kati ya saa 3 na saa 7 usiku, wakati umelala umeuegemea. Chumba cha bahari kinapigwa jua la asubuhi, na ikifika jioni ukuta wake umeshapoa. Weka kiganja ukutani saa 12 jioni, utaelewa bila maelezo. Chumba cha juu kabisa chini ya bati nacho kinachelewa kupoa, na maji yake hutoka kwa kutiririka tu, kwa sababu simtanki liko mita moja au mbili juu ya bomba. Hita ya bafuni haiwaki kwa maji dhaifu kiasi hicho. Kwa hiyo ghorofa ya kati, upande wa bahari, na ikipatikana, kona: dirisha moja baharini, jingine kwenye kichochoro.

Madirisha yenyewe yahesabu. La aluminiamu la kusukuma linafunguka nusu tu, hivyo dirisha la mita 1.2 linakupa upepo wa sentimita 60. Dirisha la mbao la zamani linafunguka lote, na likiwa na luva unaweza kulifunga hewa ikaendelea kupita. Vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haina urefu mkubwa. Upana ukizidi mita tatu hivi inalegea. Watu wanaulalamikia wembamba huo. Mimi naupenda, kwa sababu upepo ukiingia kichwani unatokea miguuni bila kupotelea njiani.

Nikachukua cha kona, nikaomba waongeze feni ya kusimama pamoja na panga boi lililokuwepo. Hawakuitoza.

Usiku wa kwanza wa chumba hicho feni niliielekeza kitandani, kama kila mtu. Saa yangu ya mezani ina kipimajoto, na saa 3 ilisoma 31. Saa 5 ilisoma 30 na nusu. Nje palikuwa pameshapoa, nilipotoa mkono dirishani nilihisi tofauti, lakini ndani feni ilikuwa inaizungusha hewa ile ile iliyotoka ukutani. Feni haipozi hewa. Kazi yake ni kuisogeza, na inayopaswa kusogezwa ni ile ya moto, itoke.

Kesho yake nikaigeuza ikatazama nje. Niliiweka kwenye dirisha la bahari, na haikufanya kitu. Nikawasha dawa ya mbu ya kuchoma, nikaiweka katikati ya sakafu nione moshi unakokwenda: ulipanda wima, ukafika usawa wa kitanda, ukasambaa. Upepo kidogo wa bahari ulikuwa unaingia kwa dirisha lile lile ambalo feni ilikuwa inajaribu kutolea hewa, wakawa wanasukumana. Nikaihamishia dirisha la kichochoro, nusu mita kutoka kwenye kizingiti, kichwa kwenye usawa wa katikati ya dirisha, namba 3, mlango nikaufunga. Papo hapo moshi ulilala. Ulitoka kwenye dawa kama uzi uliovutwa, ukapita chini ya kitanda, ukainuka kwenye feni, ukatoka, na pazia la dirisha la bahari likaanza kuvimba kwa ndani. Saa 4 na nusu kipimajoto kilisoma 29. Saa 6 kilisoma 27. Hapo feni nikairudisha kitandani kwa namba 1, nikavuta shuka.

Baada ya usiku wa manane upepo unageuka, unatoka bara kwenda baharini. Ni ule upepo wa umande ambao wavuvi wanatokea nao alfajiri. Ukiamka saa 9 na bado kuna fukuto, feni sasa ielekee dirisha la bahari. Moshi wa dawa utakuonyesha.

Kuna mambo mawili yanayoharibu mpango huu. Nyavu za dirishani zikiwa zimejaa vumbi la miaka, hewa haipiti. Zifute kwa kitambaa kibichi pande zote mbili, kitambaa kitakuwa cheusi. Na madirisha yasifunguliwe mchana. Kuanzia saa 4 asubuhi nje kuna joto kuliko ndani, kwa hiyo funga mbao zote mpaka jua litue. Dada wa usafi hakukubali upesi.

"Kaka, chumba kikifungwa kitanuka."

"Dada, kikifunguliwa saa 7 joto linaingia ukutani, usiku linatoka kwangu. Fungua saa 1 asubuhi unapodeki, ukimaliza funga."

Akafunga, na akaendelea kufunga siku zote.

Chandarua omba cha pembe nne. Kile cha duara kinachoning'inia kwenye ringi kinakubana, mkono unagusa wavu, na mbu anauma akiwa nje. Chomeka chini ya godoro pande zote, na kitanda kivute sentimita ishirini kutoka ukutani.

Umeme ukikatika, uliza jenereta inabeba nini. Kwa hoteli za bei hii inabeba taa na feni, mara chache AC, na hiyo ni sababu nyingine ya mwenye chumba cha feni kulala. Maji yaonje bombani: yakiwa na chumvi sabuni haitoi povu, basi chukua dumu la lita ishirini dukani uogee yale. Kuhusu chai, bei ya chumba kwa kawaida ina mkate, yai na soseji ndani yake. Niliomba bei bila chai, ikapungua kidogo, nikawa nashuka kula chapati na supu ya pweza barabarani kwa pesa isiyofika nusu ya punguzo hilo.

Kukaa mji wa chini kuna faida nyingine ambayo hoteli za juu hazina. Lindi ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini kabla hayajahamishiwa Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 1950, na nadhani ndiyo maana majumba mengi ya duka chini, makazi juu, bado yamesimama na roshani zake. Unatoka mlangoni, dakika chache uko ufukweni, ng'ambo ya maji unaiona Kitunda. Mifupa ya dainosaria, mijusi mikubwa ya kale, ya kilima cha Tendaguru, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913, ilibebwa na wapagazi mpaka hapa Lindi ndipo ikapakiwa melini kwenda Ujerumani, na kiunzi cha mjusi mmoja kimesimama Berlin mpaka leo. Jioni pale ufukweni, wakati chumba kinasubiri jua litue, ni mahali pazuri pa kuwaza watu waliotembea na mizigo ile vichwani.

Mabasi ya Dar yanaondoka mapema asubuhi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ichukue jioni ya kuamkia safari, kwa sababu saa 11 alfajiri mwenye mashine hajafika na aliyelala mapokezi hana funguo ya droo. Bodaboda mpange usiku huo huo, na ngazi za majumba haya ni nyembamba na zimesimama, kwa hiyo begi kubwa literemshe kabla hujalala, likae mapokezi.