Siku moja maishani mwangu chini ya Grand Canyon: kazi ya kupima mchanga wa mto Colorado

Saa 11 alfajiri

Nikiamka tu naenda kuangalia boti, chai baadae. Huku chini Arizona mto Colorado unapanda na kushuka kila siku hata kama hamna mvua, sababu ni umeme, bwawa la Glen Canyon huko juu linaachia maji mengi mchana watu wa mijini wakiwasha viyoyozi halafu usiku linapunguza, na hayo mabadiliko yanasafiri masaa mengi mpaka yatufikie sisi. Ukifunga boti jioni bila kupiga hesabu asubuhi unaikuta imekalia mawe na mto uko kule. Leo zinaelea zote, afadhali.

Saa 12 na nusu

Tunafunga mizigo. Kila kitu kinapakiwa, majivu, takataka, hadi choo chenyewe kinasafiri na sisi kwenye boksi la chuma. Hii hifadhi hawana mchezo na hilo na mimi naunga mkono kabisa.

Kwa wanaoniuliza nafanya nini hasa: tunapima mafungu ya mchanga yaliyo kandokando ya mto. Mmoja anakaa na mashine ya miguu mitatu, sisi wengine tunatembea na fimbo zenye kioo juu, mashine inasoma kioo kiko wapi, pointi moja baada ya nyingine mpaka fungu zima linakuwa ramani. Mwaka unaofuata inarudiwa, tunajua limekua au limeliwa.

Saa 2 asubuhi

Tumefika Crystal, sehemu ya maji makali mtoni. Hapa hata wazoefu wanashuka kwanza, wanapanda juu ya mawe kuangalia maji kabla ya kuingia. Maporomoko haya kabla ya 1966 yalikuwa ya kawaida tu, Desemba ya mwaka huo ikanyesha mvua kubwa sana upande wa kaskazini, kijito cha Crystal kikashusha tope zito limebeba mawe makubwa mno, likamwagika mtoni na kuubana. Mpelelezi Powell alipopita na boti zake za mbao 1869, mkono mmoja tu alionao maana mwingine ulikatwa vitani, Crystal hii ya leo hakuiona. Halafu 1983 bwawa likajaa kupita kiasi, wakalazimika kuachia zaidi ya mita za ujazo 2,700 kwa sekunde na mto ukaanza kuyapanga upya yale mawe.

Na ndivyo ilivyo karibu kila sehemu yenye maji makali humu ndani. Wengi wanadhani ni ngazi za mwamba mgumu chini ya mto, hapana, ni mawe yaliyoletwa na vijito vya pembeni. Mto unapewa mzigo usioweza kuubeba siku hiyo, unasubiri mafuriko.

Tumepita salama, tumelowa mpaka masikioni, na maji yanatoka kwenye kina cha ziwa Powell, lile lililo nyuma ya bwawa, kwahiyo ubaridi wake unauma kweli.

Saa 3 na nusu

Sasa tuko ndani ya korongo la mwamba mweusi. Hii ni shisti ya Vishnu, mwamba uliobadilishwa na joto na mgandamizo, umri wake ni kama miaka milioni 1,750, imekatwakatwa na mishipa ya graniti ya waridi. Nikamwomba dereva asogee ukutani niushike. Ukuta umechongwa mifereji, vijishimo na makali, na umeng'aa utafikiri umepakwa mafuta, ukipitisha kidole ndani ya mfereji hukuti mkwaruzo hata mmoja. Mifereji mingine iko juu kabisa ya kichwa changu, huko maji yalifika enzi za mafuriko ya kweli.

Hapa ndo nataka watu wanielewe. Kila mtu anasema maji yamekata Grand Canyon. Maji matupu hayawezi shisti hii! Kilichokata ni mchanga na kokoto zilizobebwa na maji, maji ni mkono tu, mchanga ndo msasa. Kabla ya bwawa mto huu ulikuwa unapitisha makumi ya mamilioni ya tani za mchanga na tope kila mwaka, rangi yake nyekundu ndo ikaupa jina, na theluji ya Rocky Mountains ikiyeyuka mwezi wa 5 na wa 6 ndo mto ulikuwa unafanya kazi kwelikweli, siku chache za fujo zinazidi miezi mingi ya utulivu.

Kasi ya kukata imepimwaje? Kule chini zaidi, karibu na Lava Falls, volkano zilimwaga lava ndani ya korongo, mara nyingine ikaziba mto kabisa. Vipande vya basalti, yaani lava iliyoganda, bado vimegandia ukutani, unapima umri wake, unapima mto umeshuka kiasi gani tangu pale, unapata kama mita 100 hadi 160 kwa kila miaka milioni moja. Ni sentimita 10 na kitu kwa miaka elfu.

Saa 5 hadi saa 8 mchana

Kazi. Joto limepita nyuzi 40 na mchanga unachoma hadi kupitia soli ya kiatu. Hamna cha kusimulia hapo, fimbo wima, subiri, sogea, fimbo wima.

Ila fungu lenyewe linatia huruma. Haya mafungu yanakaa pale ambapo maji yakishapita kwenye mdomo wa kijito yanajikunja na kurudi nyuma, yanapoteza nguvu, yanaacha mchanga. Bwawa lilipofunga milango 1963 mchanga wote wa juu ukabaki kwenye ziwa, zaidi ya asilimia 90 ya kilichokuwa kinaingia hapa. Sasa hivi tunategemea mito ya pembeni, Paria na Little Colorado basi. Kwenye picha za zamani naona fungu pana tupu, leo ni ukanda mwembamba umevamiwa na vichaka na upande wa maji umekatika wima, nimesimama pale chini ukingo ukanifika kifuani. Mto unaendelea kula ulichonacho kwasababu hauletewi kingine.

Saa 9 alasiri

Mwezi wa 8 ni msimu wa radi. Wingu likaja ghafla, bosi akasema boti zisogee mbali na midomo ya vijito mara moja, na hakuna aliyebisha. Mvua ya dakika chache tu na juu kule kuta zikaanza kumwaga maporomoko mekundu, moja, tatu, kisha nikaacha kuhesabu, na mawe unayasikia yanagonga. Kandokando yetu maji ya kijani yakawa na mstari wa tope, ule mstari ukatanuka mpaka ukashika mto mzima.

Mto una upana wa mita mia hivi lakini huko juu ukingo mpaka ukingo kuna sehemu inafika kilomita 29. Colorado haukutanua hivyo! Wenyewe unashuka chini tu, wanaotanua ni mvua kama hii, baridi inayopasua mwamba, mawe laini yanayoliwa mpaka yale magumu ya juu yakose pa kukalia yaanguke. Ndo maana kuta zina ngazi, mwamba mgumu unasimama wima, laini unalala. Na tabaka zimeinamia kusini, mvua ya ukingo wa kaskazini inaingia korongoni, ya kusini inakimbilia mbali, matokeo yake upande wa kaskazini umeliwa zaidi na mto uko karibu na ukingo wa kusini.

Saa 11 jioni

Kukakauka, tukaingia korongo dogo la pembeni, Blacktail, kwa miguu. Kuta nyembamba, kimya, na pale usawa wa bega kuna mstari. Chini ya mstari shisti imesimama wima, juu yake mwamba wa mchanga wa Tapeats umelala bapa, una miaka kama milioni 508. Unaweka kiganja kimoja na kinafunika pengo la zaidi ya miaka bilioni moja, milima ilikuja ikasagwa ikaisha na hapa hamna hata ukurasa wake.

Watu wanachanganya umri wa mawe na umri wa korongo. Mawe ni ya kale, ya juu kabisa yana miaka milioni 270, ila mto kupita njia hii yote ni juzi, miaka milioni 5 hadi 6, maana kule magharibi korongo linapoishia kuna matabaka ya ziwa la kale ya miaka milioni 6 hivi na mchanga wa Colorado haumo.

Saa 2 usiku

Tunahamisha data huku ubishi wa kila jioni kuhusu umri wa korongo unaendelea. 2012 watafiti wawili walichunguza chembe za madini ya apatiti, zinatunza kumbukumbu ya joto mwamba ulipokuwa umezikwa, wakasema upande wa magharibi ulishachimbwa miaka milioni 70 iliyopita. 2014 kundi jingine likajibu kwamba korongo ni vipande vya umri tofauti, baadhi ya zamani sana, na mto mpya ukaja kuviunganisha. Mimi niko na hawa wa pili, wanaheshimu apatiti na lile ziwa la magharibi kwa pamoja.

Kilichobaki mezani ni mafuriko ya makusudi. Wasimamizi wa bwawa walianza 1996, na Aprili 2023 waliachia kama mita za ujazo 1,100 kwa sekunde kwa masaa 72, mchanga uliolala chini ukanyanyuliwa ukapandishwa kwenye mafungu, na inafanya kazi, ila mafungu yanaanza kuliwa tena ndani ya miezi. Mimi naona kila Paria ikishusha mchanga wa kutosha wafungulie, umeme unaopotea ukubalike, na tope la leo mchana lihesabiwe humo.