Saikolojia Marekani: Takwimu isisubiri mwaka wa tatu

Kijana wa Mwanza aliyemaliza kidato cha sita kwa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) akipata nafasi ya kusoma saikolojia huku Marekani, macho yake huenda kwanza kwenye kozi zenye majina ya kuvutia: magonjwa ya akili, makuzi ya mtoto, saikolojia ya jamii. Zote atazisoma. Ila mlango wa digrii hii ni Takwimu, na aliyeagana na hesabu kidato cha nne ndiye anayeisogeza mbele muhula baada ya muhula, mpaka inamkwamisha.

Kwa kawaida digrii ya kwanza ina krediti 120 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi) kwa miaka 4, na kozi nyingi ni za krediti 3. Saikolojia yenyewe huchukua krediti 36 hadi 45 hivi, kutegemea chuo. Zinazobaki ni masomo ya jumla kama uandishi, hisabati na sayansi yenye maabara, pamoja na kozi za kujichagulia. Mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, anatakiwa asome angalau krediti 12 kila muhula, na katika hizo kozi ya mtandaoni inayohesabiwa ni moja tu. Wengi huishia kwenye hizo 12 wakidhani mambo yako sawa. Lakini 12 mara mihula 8 ni 96. Krediti 24 bado zinakudai, na mzazi kule Nyakato tayari ameshajipanga kwa ada ya miaka minne tu. Panga 15 kwa muhula.

Kozi za lazima zinashikana mikono: Utangulizi wa Saikolojia, halafu Takwimu, halafu Mbinu za Utafiti, halafu kozi ya maabara au mradi wa mwaka wa mwisho. Vyuo vingi vinataka angalau C hapa ndipo uvuke kule. Kwenye chuo kidogo Mbinu za Utafiti inaweza kufundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, kwa hiyo ukianguka Takwimu muhula wa kwanza wa mwaka wa tatu, mradi wa mwisho unaweza kuruka hadi mwaka wa tano. Njia salama ni Utangulizi muhula wa kwanza, Takwimu muhula wa pili au wa tatu, Mbinu kabla mwaka wa pili haujaisha. Katika Utangulizi, soma vizuri silabasi: vyuo vingi humtaka mwanafunzi ashiriki saa kadhaa kwenye tafiti za idara, au aandike kazi mbadala. Maksi hizi hupotea bure kwa kusahau tu.

Hofu ya Takwimu hupungua ukiishika kwa mikono. Chukua sangara watano pale Mwaloni, Kirumba: kilo 2, 3, 3, 4 na 8. Jumla 20, wastani kilo 4. Lakini wa katikati ana kilo 3. Yule mmoja mkubwa ndiye aliyevuta wastani juu. Sasa toa wastani, yaani 4, kwa kila uzito: −2, −1, −1, 0, 4. Zidisha kila namba kwa yenyewe, kisha jumlisha: 4+1+1+0+16 ni 22. Gawanya kwa 4 (idadi ya samaki ukitoa mmoja), wala si kwa 5, upate 5.5, kipeuo chake cha pili ni karibu 2.35. Huo ndio mkengeuko sanifu, kipimo cha namna uzito ulivyotawanyika. Kwa nini 4? Kwa sababu wastani umetokana na samaki haohao: ukishaujua, ukajua na wanne, wa tano hana uhuru tena. Mwanafunzi anayeweza kulieleza hili kwa maneno yake hataaibika mbele ya SPSS, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu. Anayekariri kubofya atakwama Mbinu za Utafiti, kwa kuwa huko unaulizwa kwa nini umechagua kipimo hiki na si kile. Ukitaka kujizoeza kabla ya safari, programu za R na JASP ni za bure.

Mbali na kozi hizo za lazima, unachagua nyingine kwenye makundi: ya ubongo na mwili, ya utambuzi na ujifunzaji, ya makuzi, ya jamii na haiba. Kozi ya ubongo huwachosha waliokosa biolojia; usiiweke muhula mmoja na Takwimu.

Uliza pia tofauti ya B.A. (digrii ya sanaa) na B.S. (digrii ya sayansi) chuoni kwako. Mara nyingi B.A. hudai lugha ya kigeni na B.S. huongeza hesabu na sayansi. Msemaji wa Kiswahili anaweza kusamehewa lugha kwa mtihani au barua, lakini lazima aombe mwenyewe, mapema, kwa mshauri wa masomo.

Na mradi wa mwisho ukihusu watu, hata dodoso fupi tu, usikusanye jibu moja kabla kamati ya maadili ya chuo haijaidhinisha. Anayetaka kuhoji wavuvi wa Igombe wakati wa likizo atahitaji pia idhini ya Tanzania, kwa hiyo aanze maombi miezi kadhaa kabla ya kukata tiketi.

Digrii hii peke yake haikupi leseni ya mwanasaikolojia huku. Majimbo kwa kawaida hudai shahada ya uzamivu. Shule nyingi za uzamili huangalia kwa makini alama za Takwimu na Mbinu. Hifadhi silabasi ya kila kozi tangu siku ya kwanza, kwa PDF na kwa karatasi, maana utaulizwa yaliyomo utakapoomba uzamili au utakapopeleka vyeti TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) vitambuliwe nyumbani.