Nimepata Somo

Naitwa Mwanakupona. Nimekulia Nairobi na hadi mwezi huu sikuwa nimekutana na mwingine mwenye jina hili, si shuleni, si kazini, wala kwenye harusi za jamaa zetu ambako akina Mwanaisha na Mwanahamisi hujaa ukumbi mzima. Watu wakilisikia huniuliza swali lile lile: "Kwani ulizaliwa mgonjwa?" Hapana. Mama husema nilikuja duniani na sauti ya kuamsha wadi nzima. Jina nililirithi kwa bibi mzaa baba, na yeye ndiye aliyekuwa na sababu. Nduguze waliomtangulia walichukuliwa na surua wakiwa wachanga, kule kisiwani Pate. Alipozaliwa yeye, wazee wakamwita lile walilokuwa wakimwomba Mungu usiku na mchana.

Jamaa wa Nairobi wakiona "Mwana" hufikiri ni mtoto, kisha hutafuta mtoto huyo ni wa nani. Lamu na Pate ya zamani, Mwana lilikuwa neno la heshima la mwanamke wa ukoo unaojulikana, kama Bwana kwa mwanamume. Ndiyo maana masimulizi ya kale ya Mombasa humtaja Mwana Mkisi, malkia wa mji kabla ya Shehe Mvita. Miaka ilivyokwenda, heshima ile ikagandana na jina lenyewe, tukapata Mwanajuma, Mwanaidi, Mwanahamisi; kwengine ikazidi kufupika, ikawa Mwajuma. Kwa hiyo mimi ni kama kusema Bi Kupona. Na kupona ni neno ambalo kila mtu aliyewahi kukesha na mgonjwa analijua: amepona, atapona inshallah, bado hajapona. Bibi alilitumia pia kwa mabaharia walioogelea hadi ufukweni jahazi lilipozama, na kwa yeyote aliyeponea chupuchupu. Kwake lilikuwa neno moja kwa homa na kwa bahari.

Mwenye jina anayejulikana, bila shaka, ni Mwana Kupona binti Mshamu. Alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa mji wa Siyu kisiwani humo, mtu aliyepambana kwa miaka mingi na Sayyid Said wa Zanzibar. Mwaka 1858, mume akiwa amekwisha kufa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi ambao bado unasomwa hadi leo. Binti alikuwa na umri wa miaka 17 hivi. Kidato cha pili mwalimu wa fasihi alipolitamka jina lile, darasa zima liligeuka kunitazama, nami nikainamia daftari kama niliyeitwa kwenda mbele. Jioni yake nilimpigia bibi simu Lamu. Hakushangaa hata kidogo. Aliuanza utenzi ule kwa kichwa, kwa ile sauti ya kuimba, na mimi Nairobi nikasikiliza hadi salio likakata.

Wapo wanaousoma wakakasirika, kwa vile sehemu kubwa humfundisha mke namna ya kumridhisha mume. Nawaelewa, kuna beti mimi mwenyewe nazipita haraka. Lakini naomba wasomaji warudi kwenye beti za mwanzo kabisa. Pale kuna mama anayemwita mwanawe asogee, aketi, aje na wino na karatasi, maana maradhi yamemshika hata mwaka umetimia na hajapata nafasi ya kumwambia neno jema. Huyo si mwalimu wa ndoa aliyesimama mbele ya wanafunzi. Ni mgonjwa anayejua kwamba muda ni mfupi, naye ana binti mmoja ambaye karibu atabaki bila wa kumwelekeza. Sehemu ya mwisho ni dua ndefu, na humo akataja jina lake na Pate alikozaliwa. Alifariki miaka miwili hivi baadaye, karibu 1860. Aliyeitwa Kupona hakupona.

Jambo hili lilinisumbua sana nilipokuwa msichana. Nililiona jina langu kama ahadi ambayo haikutimizwa kwa mwenye nalo mkubwa. Siku hizi naliona vingine. Mwana Hashima aliishi hadi akawa mzee, na mwanzoni mwa karne ya 20 Mwingereza Alice Werner alionana naye Lamu. Maneno ya mama yalikuwa bado yamo kinywani mwa watu, na vizazi vya wanawake wa pwani vikawa vimeyahifadhi moyoni, bibi yangu akiwa mmoja wao. Anayemwita binti yake Kupona hamdai Mungu miaka. Anamwombea tu, tena kwa sauti, kila anapomwita aje kula.

Nairobi ndiyo iliyonifundisha upande mwingine wa jina hili, na mwalimu alikuwa mama mboga wa pale Pangani ninapokaa. Nilinunua sukuma na nyanya, nikalipa kwa M-Pesa. Akainua simu, akaisogeza mbali kidogo na macho, akasoma ujumbe kwa silabi: MWA-NA-KU-PO-NA. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Kũhona? Wewe unaitwa kũhona?" Kwa Kikuyu kũhona ni kupona kabisa kabisa, na Mwokozi huitwa Mũhonokia. Waluhya nao wana okhuhona, na Mwokozi wao ni Omuhonia. Nilikuwa nimelibeba jina hili miaka yote nikidhani ni la pwani peke yake, la watu wa makuti na matumbawe, kumbe nusu ya mji ungelielewa kama ungelisikia polepole. Yule mama aliniongezea nyanya mbili na kusema, "Sisi tuko na Njoki. Ni yule amerudi."

Njoki, yaani aliyerejea. Na kwa wanaume Kariũki, aliyefufuka. Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza watu majina ya namna hii, na Kenya imejaa tele. Mkamba humwita mtoto Kasyoka, aliyerudi. Au humwita Mbiti, fisi, ili mauti yamdharau na kupita njia nyingine. Waluhya wana Makokha, jina la jalalani, la mtoto aliyefuata wenzake waliokufa. Nayapenda majina haya na nawaheshimu mama walioyatoa, kwa maana nyuma ya kila moja kuna kaburi dogo. Ila naona tofauti. Fisi na jalala ni majina ya kumlaghai Ziraili apite bila kuangalia. Kupona halimlaghai mtu. Linasema waziwazi kile mama anachotaka, na pengine hiyo ndiyo sababu limeadimika: watu wanaogopa kutaja kupona kwa sababu kupona kunataja ugonjwa. Shangazi yangu mmoja, Mungu amrehemu, alikataa kabisa kumpa binti yake. Alisema hataki kumkaribisha mgeni kwa kumwambia kwamba mlango umefungwa. Hoja yake ina nguvu. Mimi sikubaliani nayo, lakini ina nguvu.

Sasa habari yenyewe. Binti ya mjomba wangu anayekaa South C amejifungua mtoto wa kike. Alinipigia simu akiwa bado kitandani. "Dada, nataka nikupe somo. Utaridhia?" Kwetu wanaoshiriki jina huitana somo maisha yao yote, hata mmoja akiwa na miaka 70 na mwingine anatambaa. Koo lilinikaba. Nilimjibu ndiyo mara tatu, nne, sijui, mpaka akaanza kucheka.

Haikuwa rahisi kwake. Upande wa mume walikuwa na majina yao ya kileo, yale yanayosikika kila darasa la chekechea mjini. Wifi mmoja, kwa nia njema kabisa, alipendekeza Shifa, kwa kuwa kwa Kiarabu maana ni ile ile. Na Shifa ni jina zuri. Lina mwenye nalo wa kuheshimiwa, al-Shifa binti Abdullah wa zama za Mtume, mwanamke aliyejua kusoma na kuandika wakati wanaojua walikuwa wachache, aliyetibu watu na kumfundisha Bibi Hafsa, mke wa Mtume, kuandika. Ningefurahi pia kama lingepita. Lakini binti ya mjomba aliwajibu kwa upole kwamba wasichana wa kuitwa Shifa Nairobi hii watapatikana hata bila yeye. Mwanakupona asipoitwa na sisi, nani atamwita? Nilipenda alivyolisema. Hakuna aliyelipiga marufuku jina hili wala aliyelichukia. Linapotea kwa njia ya kawaida sana: kila nyumba inangoja nyumba nyingine ilitoe.

Akika, ile sadaka ya kumchinjia mtoto mchanga, ilikuwa Jumapili. Mbuzi mmoja, kama ilivyo kwa mtoto wa kike. Tulimnunua Kiamaiko asubuhi na mapema, mimi na baba mtoto, huku tukiruka madimbwi kati ya mazizi. Kazi kubwa ikawa kumweleza mchinjaji kwamba mifupa haivunjwi: mnyama akatwe kwenye maungo, kiungo kwa kiungo, bila shoka. Alizoea kupasua haraka kwa ajili ya wauzaji wa mutura na supu, lakini aliposikia ni ya mtoto mchanga aliliweka shoka kando, akachukua kisu chembamba na kutafuta maungo kwa kidole gumba kwanza, taratibu, kila goti na kila bega. Akauliza mtoto anaitwa nani. Nikamwambia. Akasema, "Basi huyu hata tukikata mfupa hataumia," na akaendelea vile vile kwa uangalifu. Nyumbani, nyanya wa mtoto alimnyoa nywele, zikapimwa uzito, na thamani yake katika fedha ikatolewa sadaka. Kisha jina likatamkwa mbele ya watu wote. Nilikuwa nimeshika sinia ya halua, na niliposikia jina langu likiitwa kwa ajili ya mtu mwingine, kwa mara ya kwanza maishani, ilibidi niiweke chini.

Kuna jambo moja tulilobishana hata usiku, nalo ni namna ya kuliandika. Baba mtoto alitaka maneno mawili, Mwana Kupona, kama lilivyo kwenye vitabu. Mimi nilishikilia neno moja. Kwenye vitabu ni sawa, kwa kuwa wakati ule Mwana ilikuwa heshima na kila msomaji alilijua hilo. Kwenye cheti cha kuzaliwa maneno mawili yatahesabiwa kuwa majina mawili. Mwana atakuwa jina la kwanza, Kupona litaingia katikati, kisha litafuata jina la baba. Baada ya hapo shule itaandika la kwanza na la mwisho, na Kupona itabaki kwenye karatasi moja ndani ya faili. Nimeona majina ya katikati yakifa hivyo kwa watu wengi ninaowafahamu. Mama mtoto alikuwa upande wangu, na ombi limepelekwa likiwa na neno moja.

Baba mtoto amekubali, ila tayari ameanza kumwita Pona. Nimemwambia ninavyoona: Pona ni amri anayopewa mgonjwa, na mtoto huyu hajaamriwa kitu, aitwe kikamilifu mpaka atakapokuwa na akili ya kujichagulia ufupisho wake mwenyewe. Alinisikiliza vizuri. Leo asubuhi amenitumia picha ya mtoto amelala, na chini yake ameandika jina lote, herufi zote kumi na moja, nami nikamjibu: msalimie somo wangu, mwambie Jumamosi nakuja na kanga.