Roadster ya viti viwili: yadi ilinishinda, nikanunua kwa mwenyewe

Mama alipoiona picha ya gari niliyoibandika kwenye friji aliuliza swali moja tu: "Viti viwili? Na mgonjwa akizidiwa usiku utamlaza wapi?"

Sikuwa na jibu. Kwetu Malindi gari halina mwenyewe, ni la mtaa. Litabeba mgonjwa, litabeba sufuria za harusi, na siku ya msiba litabeba wafiwa hadi makaburini. Miaka kumi na minane nimeandika hesabu za hoteli za watu, na Probox yangu imeyabeba yote hayo bila kunung'unika. Sasa nilitaka kitu kisichoweza kubeba chochote.

Chenyewe ni Mazda Roadster, ambayo Ulaya inaitwa MX-5. Zilianza kutoka 1989. Niliyoitaka ni ya kizazi cha tatu, iliyoundwa kati ya 2005 na 2015: injini ya lita mbili mbele, nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma, paa la turubai unalikunja kwa mkono mmoja bila kuondoka kitini. Si gari la kutisha mtu. Uzito wake ni kama kilo 1,100 tu, na raha yake yote iko kwenye wepesi huo. Kuiagiza Japani haikuwezekana, kwa sababu Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Roadster za kizazi kile zilizobaki kwetu ni zile zilizokwisha ingia zamani, ama uipate yadi ya kuuza magari, ama uipate kwa mwenyewe.

Nilianzia yadi, kama mwoga yeyote. Niliona yadi ina lango, ina ofisi, ina risiti, na gari likikuharibikia unajua pa kurudi.

Yadi yenyewe ilikuwa Mombasa, kilomita 120 hivi kutoka nyumbani. Picha walinitumia kwa simu, na kabla sijaliona gari nikatuma shilingi 30,000 "za kulishika", kwa namba ya simu ya muuzaji mwenyewe. Ndiyo, mimi mhasibu. Asubuhi nikapanda matatu na kijana wangu wa gereji, anayeniita Dada ingawa umri wangu ni wa kumzaa. Tulilikuta gari mbele kabisa ya yadi, jekundu, limepakwa dawa ya kung'arisha mpaka tairi.

"Karibu mamangu," muuzaji akasema huku akinipa soda baridi. "Hili ni kilomita 68,000 tu. Halijatumika." Bei milioni moja na laki nne na nusu.

Tulikuwa tumeomba lisiwashwe kabla hatujafika, tulisikie injini likiwa baridi. Kijana akaweka kiganja juu ya boneti, akanitazama. Lilikuwa la moto. Hilo peke yake lisingenifukuza, huenda walilisogeza. Nikaenda kufungua mlango wa dereva, na hapo kwenye fremu, pale mlango unapofungia, palikuwa na stika ndogo ya samawati iliyofifia, maandishi ya Kijapani. Waliolisafisha gari walisugua kila mahali wakaisahau hiyo. Gereji za Japani hubandika stika kama hizo zinapobadilisha oili. Maneno sikuyajua, lakini tarakimu ni tarakimu. Juu palikuwa na 24, kisha 5, kisha 12. Chini yake 81,430. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme wao, na mwaka wa 24 wa enzi ya Heisei ni 2012. Kwa hiyo Mei 2012 gari hili lilikuwa limekwenda kilomita 81,430, na leo lina 68,000. Katika kazi yangu sijaona daftari linalorudi nyuma bila mkono wa mtu.

Nikamwonyesha muuzaji. Kwanza akasema dashibodi ilibadilishwa. Nikamwuliza iko wapi ile ya zamani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema neno lililonifunza kuliko yote niliyowahi kuambiwa juu ya biashara ya magari: "Mamangu, hili gari si letu. Ni la mteja, sisi tumemwekea tu hapa."

Kumbe ndivyo mambo yalivyo kwenye yadi nyingi. Magari mengine ni yao, wameyaleta wenyewe na kuyalipia ushuru. Mengine yameachwa na watu yauzwe, na yadi inakata chake. Gari la namna ya pili likikufia njiani, yadi itakuelekeza kwa mwenyewe, na mwenyewe humjui. Unakuwa umelipa bei ya yadi na umenunua kwa mtu usiyemwona uso. Huyo aliyesimama mbele yako na soda ni dalali mwenye ukuta. Siku hizi nikiingia yadi swali langu la kwanza, kabla ya bei, ni: logibuku, yaani hati ya umiliki, ya gari hili ina jina la nani?

Zile 30,000 nilizidai kwa wiki tatu. Zikarudi 20,000. Kumi, waliniambia, ni gharama ya kuliosha na kuliweka.

Lakini sitaki kusema yadi zote ni hivyo. Binamu yangu alichukua Fielder katika yadi nyingine, gari lao wenyewe, na giaboksi ilipoanza kupiga kelele mwezi wa pili walimbadilishia bila ugomvi, maana aliandikiwa dhamana. Na sheria inawabana: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka mtu ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo auze kitu cha ubora unaokubalika. Jirani yako anayeuza gari lake moja habanwi na kifungu hicho. Ila kina mtego: ukishalikagua gari mwenyewe, huwezi kudai kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuiona. Asiyekuwa na fundi wa kumwamini, wala muda wa kupekua, yadi yenye gari lake mwenyewe ni bora kwake, hata akilipa laki mbili zaidi. Mimi fundi ninaye.

Aliyenipa habari za Roadster ya pili ni dalali wa nyumba, aliyetaka elfu kumi kwa kufungua mdomo na akapewa tano. Ilikuwa ya mzee wa Kiitaliano anayekaa upande wa Casuarina. Malindi Waitaliano wamekaa hadi wengine wanapatana bei ya samaki kwa Kigiriama, na huyu alinipokea kwa Kiswahili kisicho na doa. Magoti, alisema, yamekataa kumtoa kwenye gari la chini. Gari la kijivu, 2007, kilomita 97,000. Bei milioni moja na laki moja na nusu.

Hapa ndipo tulipotaka kujiharibia. Kijana wangu hutembea na sumaku ndogo mfukoni, ya kutafuta mahali palipojazwa plasta chini ya rangi. Akaiweka kwenye boneti. Ikaanguka. Akaiweka kwenye mlango wa buti. Ikaanguka tena. Akanivuta pembeni, "Dada, twende. Hili limegongwa mbele na nyuma, ni plasta tupu." Mimi nilishaanza kuaga. Mzee akaiokota sumaku mchangani, akacheka mpaka akakohoa. "Alumini," akasema. "Boneti na buti ni alumini. Jaribu mlango." Kwenye mlango ikanasa, kwenye ubavu wa nyuma ikanasa. Tulipofungua boneti tukaigonga kwa ukucha, mlio wake si wa bati. Sumaku ya Probox haijui kila kitu.

Kosa lenyewe lilikuwa kwingine, na sikuliona kwa fundi, nililiona kwa pua. Nyuma ya viti palinuka kama zulia la msikiti siku ya mvua. Nikabonyeza zulia kwa vidole, vikatoka na maji. Roadster ina tundu mbili, moja kila upande wa paa, pale turubai linapokutana na bodi. Maji ya mvua huingia humo, yakashuka kwa bomba na kutoka chini ya gari, mbele ya gurudumu la nyuma. Mzee alikuwa akiliegesha chini ya mivinje. Wanaoijua mivinje wanajua yale majani yake membamba kama sindano, huingia popote. Kijana akamimina kikombe cha maji tundu la kulia: yakatoka chini polepole. La kushoto: yakasimama, kisha yakaanza kupanda. Tukamulika uvunguni. Kutu imeanza ubavuni chini ya mlango wa kushoto, lakini bisibisi haikutoboa. Hewa ya chumvi ya pwani ingemaliza kazi kwa miaka michache.

Vingine tulivisoma haraka. Tairi zilikuwa na meno mazuri, lakini ubavuni zimeandikwa 2311, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2011. Tairi kuukuu hata kama halijachakaa. Tangi dogo la maji ya radieta, la plastiki, lilikuwa limegeuka manjano kama jino la mvutaji. Tairi la akiba hakuna kabisa, gari lilitoka kiwandani hivyo, na dawa ya kuziba na pampu ndogo.

Ila mzee alikuwa na faili. Risiti ya kila oili, ya klachi, ya betri, kwa mpangilio wa tarehe, na kilomita zinapanda kama zinavyotakiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na huyu mali yake ilikuwa na daftari. Nadhani nililinunua lile faili zaidi ya gari.

Nilirudi nyumbani nikaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nikalipa shilingi 550 na kutoa rekodi za gari. Nilitaka kuona mambo matatu: jina ni lake, hakuna benki inayolidai iliyoandikwa kando yake, na liliingia nchini kwa ushuru uliolipwa. La tatu wengi hawaliulizi. Mgeni anaweza kuwa aliingiza gari kwa msamaha wa ushuru, na ukilinunua hivyo, ushuru unakufuata wewe. Yote yalikuwa safi.

Nikampigia mzee hesabu kwenye karatasi, tairi nne, tangi, kutu, bomba. Akaikagua kwa miwani, akapinga bei ya tairi, akakubali iliyobaki. Tukakatana kwa milioni moja na elfu ishirini. Pesa hiyo M-Pesa haiwezi kwa siku moja, mwisho wake ni laki mbili na nusu kwa mara moja na laki tano kwa siku, na hundi haipokelewi ikizidi milioni. Tulikwenda benki pamoja, tukaketi mpaka pesa ikaonekana kwake, na hapo hapo akafungua simu kuanzisha kuhamisha umiliki, mimi nikakubali kwenye yangu. Ya simu hatukuyategemea peke yake. Tuliandika mkataba wa ukurasa mmoja, na saa ndani yake, si tarehe tu. Faini ya kamera ikija ya saa nne asubuhi, tujue ni ya nani. Sheria inatoa siku 14 za kuendesha gari kabla halijasajiliwa kwa jina lako.

Bima ilinisumbua zaidi ya kununua. Mawakala wawili walikataa bima kubwa kwa umri wa gari, wa tatu akataka kwanza lithaminiwe.

Mwezi wa tatu lile tangi la manjano lilipasuka karibu na Kilifi. Nililijua, nilikuwa nimelikatia bei, kisha nikaliacha kwa sababu fundi alisema litamaliza mwaka. Mshale wa joto ulikaa katikati kama kawaida. Kilichonishtua ni harufu tamu ya dawa ya radieta. Nikazima, nikaketi kando ya barabara kwa muda wa saa mbili na nusu, paa likiwa wazi, jua la saa saba. Hakukuwa na yadi ya kupigia. Nilimpigia mzee, si kwa kudai, kwa uchungu tu. Akaniuliza kama nimezima injini mapema. Nikasema ndiyo. "Basi umenunua tangi, hukununua injini," akasema, akanitumia namba ya mtu wa spea Nairobi. Tangi likaja kwa basi.

Ndugu yangu anayekaa Lamu, mji ambao vichochoro vyake vinajua punda tu, hunicheka kwamba nimelipa milioni kwa kitu chenye nafasi ndogo kuliko tandiko. Probox sikuiuza. Imeegeshwa nyuma ya nyumba kwa ajili ya wagonjwa na sufuria, na mama haniulizi tena.

Roadster hailali chini ya mti wowote. Kila Ijumaa kabla ya kuiosha namimina nusu lita kila upande wa paa na kuinama kutazama chini. Upande wa kulia maji hutoka mara moja. Wa kushoto bado yanachelewa kidogo, na wiki iliyopita ilitoka sindano moja ya mvinje.