Jioni moja na 4,294,967,297
Jana jioni niliketi na kalamu na karatasi ili niigawe mwenyewe namba 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 kisha ukaongeza 1. Mwanahisabati Fermat aliamini kuwa ni namba tasa, kwa sababu zile zilizoitangulia katika mfuatano wake (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kisha ukaongeza 1), ambazo ni 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler alionyesha kuwa sivyo.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi kazi inavyopungua. Kwa kujaribu kila namba tasa iliyo chini ya kipeuo cha pili cha namba hii ningelazimika kugawa mara 6,542, lakini Euler alithibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii lazima kiache baki 1 kikigawanywa kwa 64, na kwa sharti hilo zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641 tu hadi jibu lipatikane. Nilianza na 193, nikapata baki 109. Kwa 257 ilibaki 2, nami nikashusha pumzi, maana ilikuwa karibu mno! 449 iliacha 325, na 577 ikaacha 288. Nilipofika 641 niliandika polepole, tarakimu baada ya tarakimu, hadi hatua ya mwisho, 4,487 kutoa 4,487, ikanipa sifuri. Jibu ni 6,700,417, ambayo nayo ni namba tasa.